Kaka yangu anataka kuinunua nyumba ya jirani mnadani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwapa, nauza chai na mahamri kando ya barabara. Nyumba yetu na ya Mama Salma (jina si lake) zinashirikiana ukuta mmoja. Mwaka wa kumi na mbili huu tuko hivyo. Chumvi ikiniishia nampigia kelele kupitia dirisha la jikoni, na mtoto wake akishikwa na pumu usiku ni mume wangu anayewasha tuktuk.

Wiki tatu zilizopita, nikiwa natia mahamri ya mwisho kwenye karai, mwanangu alikuja mbio. "Mama, geti la kina Salma limebandikwa karatasi." Nikaenda kuangalia. Imepakwa gundi mpaka pembeni, ukiivuta inachanika tu. Ina mhuri, na jina la Baba Salma limeandikwa lote, majina matatu, kama linavyosomwa kwenye matangazo ya vifo redioni. Siku 45 alipe deni la benki, la sivyo nyumba inadiwa. Leo nimehesabu, zimebaki 24.

Hapo ndipo mtaa ulipojua. Mwaka 2021 Baba Salma alikopa benki shilingi milioni 3.2, akaweka hati ya nyumba, akanunua matatu. Gari likapinduka, bima ikaleta maneno, na kulipa kukasimama. Anasema wakati huo alibakiwa na deni la milioni 2.4. Benki sasa inadai milioni 3.9. Mama Salma alituambia hakujua lolote wala hakutia saini popote. Lakini juzi akaninong'oneza kwamba kuna siku mumewe alimletea karatasi jikoni, yeye ana unga mikononi, akamwambia ni za chama, akasaini.

Mtaani kumechemka. Kina mama wa chama chetu wanataka siku dalali atakapokuja tutandike mikeka getini, tukae, tuimbe, asipite mtu. Vijana wa boda wanataka kuchoma matairi, na nimemsikia mmoja akisema atakayekuja kununua ataondoka kwa miguu. Mimi nimechaguliwa kuwaongoza kina mama, eti sauti yangu inasikika. Wapo pia wasiotaka kusikia habari hizi. Wanasema dawa ya deni kulipa, na pesa zilipokuwa zinaliwa hakuna aliyeitwa.

Sasa Shangazi, linaloninyima usingizi ni hili. Kaka yangu yuko Doha, mwaka wa saba, na amejiwekea akiba. Alinipigia simu Ijumaa. "Dada, si hiyo nyumba ya ubavuni kwako? Nyumba kama hiyo haipungui milioni 7, mnadani itaenda kwa 5. Nyamaza tu, nitatuma mtu." Nikamwambia mume wangu nikidhani atakasirika. Akasema ikiwa lazima iuzwe, heri iende kwa mtu wetu kuliko mgeni. Na mimi sitakudanganya. Usiku ule nililala nikiupima ule ukuta kwa macho, nikiwaza mlango ungetobolewa wapi.

Tangu hapo nimemkwepa Mama Salma. Bakuli lao walilotuletea pilau bado liko kabatini kwangu. Nikakae getini? Na kaka nimjibu nini?

Jirani wa Ukuta Mmoja, Mtwapa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilikwama pale ulipoupima ukuta. Wengi wangeliacha hilo lisiandikwe. Umeniandikia, basi na mimi nitakujibu bila kukupaka mafuta.

Nianze na geti. Kukaa mtakaa, lakini mjue mnakaa mahali ambapo nyumba haiuzwi. Watu wakisikia mnada huwazia mnada wa mbuzi, dalali amesimama uani akipaza sauti na mwenye pesa akiinua kidole. Nyumba iliyowekwa rehani benki aghlabu huuzwa mjini, ofisini kwa dalali au kwenye chumba cha mikutano hotelini, mbele ya watu wachache waliovaa vizuri. Kwa kawaida anayetaka kununua hutoa amana kwanza, nyundo ikigonga anatoa asilimia 25, iliyobaki anapewa siku 90. Na nyundo ikishagonga, haki ya Baba Salma ya kulipa deni na kuikomboa nyumba yake imekufa. Wakati huo nyinyi mko Mtwapa kwenye mikeka, mnaimba.

Kwa hiyo umati wenu unahitajika mapema kuliko mnavyodhani. Kazi yake ni kununua siku. Siku hizo zitumike kwa makaratasi, na makaratasi hayako getini, yako ndani kwa Mama Salma.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kukurupuka. Mtu akipitisha mwezi mmoja bila kulipa, benki inamwandikia notisi ya kifungu cha 90, yenye muda usiopungua miezi mitatu. Asipolipa inakuja ya pili, ya kifungu cha 96, siku 40. Dalali na siku zake 45 huja baada ya hapo. Kisha kuna tangazo la gazetini, na kutoka tangazo la kwanza mpaka mnada zisipungue siku 14. Jumlisha uone. Karatasi iliyoushtua mtaa mzima ni mtoto wa mwisho katika familia kubwa. Wale wengine wako wapi? Ama Baba Salma amewalalia chini ya godoro miezi yote hii (na wanaume wetu kwa hili ni hodari, wanaona aibu ya deni kuliko deni lenyewe), ama walipelekwa kwenye sanduku la posta aliloacha kulilipia zamani, ama hawakuwahi kuzaliwa. Kama notisi hazikumfikia, benki inatakiwa ithibitishe ilivyozituma, na mnada uliojengwa juu ya notisi mbovu huweza kusimamishwa na mahakama. Kama amezificha, azitoe leo, apigiwe kelele na mkewe, yaishe.

Halafu kuna ile saini ya jikoni. Kifungu cha 79 cha sheria hiyohiyo hakiitambui rehani ya nyumba ya ndoa mpaka mume na mke wote watie saini, au pawe na ushahidi kwamba yule mwingine ameridhia. Kifungu cha 96 nacho kinataka mke aliyeridhia apewe nakala ya notisi ya kuuza. Unaona benki ilivyobanwa hapo. Ikisema Mama Salma aliridhia, iulizwe nakala yake ilipelekwa lini na nani aliipokea. Ikikosa ridhaa yake, rehani yenyewe ina ufa. Lakini ufa huo ni wa wakili kuupima, na wakili atapima anachoambiwa. Mama Salma amwambie yote, na unga mikononi autaje. Mke akiapa kwamba hajawahi kusaini kitu, kisha benki itoe karatasi yenye jina lake, kesi imezikwa asubuhi hiyohiyo. Na Baba Salma naye aseme aliapa nini alipokuwa akikopa. Wapo walioandika kwamba hawana mke.

Riba msiing'ang'anie. Najua mabango ya "benki wezi" yameshaanza kuandikwa. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishakufa, yaani ukiacha kulipwa, riba haiwezi kuzidi kile kiasi cha deni kilichokuwa kimebaki ulipokufa. Kwa Baba Salma hiyo ni milioni 2.4 na riba isiyozidi milioni 2.4 nyingine, yaani 4.8, ukiacha gharama. Benki inadai 3.9. Haijavuka. Tena mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kubishania kiasi cha deni peke yake hakutoshi kuuzuia mnada. Taarifa ya akaunti ichukuliwe na ikaguliwe mstari kwa mstari, ndiyo, ila hoja yenu isisimame kwa mguu huo.

Hoja yenye miguu miwili ni bei. Chukua makisio ya kaka yako, maana huyo amepiga hesabu kuliko nyinyi nyote. Nyumba ikiuzwa mnadani kwa milioni 5, benki inachukua 3.9, dalali na gharama zake wanachukua chao, na Baba Salma anatoka na chini ya milioni moja na watoto. Akiiuza mwenyewe, polepole, kwa makubaliano na benki, akapata hata 6.8, analipa deni lote na anabaki na karibu milioni 2.9. Hapo kuna kiwanja kidogo na vyumba viwili mahali. Benki nazo hazichukii njia hii, maana hawana haja na nyumba, wana haja na pesa yao. Na kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana, na ifanye tathmini kabla ya kuuza.

Basi ombi lenu lina mambo mawili: mnada usimame siku 90, na Baba Salma aruhusiwe kumtafuta mnunuzi mwenyewe. Liandikeni ukurasa mmoja, saini za majirani, nambari za vitambulisho. Msiombe deni lisamehewe. Wale wanaosema dawa ya deni kulipa wapewe kalamu nao watie saini, maana hicho ndicho mnachoomba, nafasi ya kulipa.

Mkalipeleke kwenye tawi lililotoa mkopo. Kina mama kumi na watano ndani ya leso, wamekaa kwenye viti vya wateja wakimsubiri meneja, hawapigi kelele, hawamzuii mtu kuweka pesa. Niamini, meneja atatoka. Siku hizi maamuzi mengi ya deni bovu yako Nairobi, siyo kwake, lakini atapiga simu, na simu ya meneja aliyeketiwa na kina mama haifanani na barua pepe ya mdaiwa mmoja. Na mkitaka kuandamana nje, Ibara ya 37 ya Katiba inawapa haki hiyo, kwa amani na bila silaha. Mpelekeeni OCS, mkuu wa kituo cha polisi, taarifa ya maandishi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, mtaje njia mtakayopita na saa, iwe mchana. Mbaki na nakala iliyogongwa mhuri. Tangu Juni 2024 najua mama akisikia neno maandamano anawaza risasi kwanza. Ndiyo sababu nataka ile nakala iwe ndani ya mkoba wako.

Huko Boston, Marekani, kipo chama cha wakazi kinachoitwa City Life/Vida Urbana, kilianza mwaka 1973. Benki zilipoanza kuwatoa watu majumbani kwa wingi baada ya 2008, wao walitumia mtindo wanaouita upanga na ngao. Ngao ni mawakili na mahakama. Upanga ni watu barabarani na mlangoni. Nyinyi mmeshanoa upanga, ngao bado hamjaishika hata mkononi, na zimebaki siku 24.

Vijana wa boda sasa. Nitakupa kisa, nawe uwapelekee. Mwaka 1932 na 1933, huko Iowa na majimbo ya jirani, bei ya mazao ilikuwa imeanguka na wakulima wakinadiwa ng'ombe, majembe na mashamba. Majirani wakapata akili. Siku ya mnada wanajaa uani bega kwa bega. Mmoja wao anataja senti chache kwa ng'ombe mzima, wengine kimya. Mgeni akifungua mdomo anaguswa bega na mtu mwenye mkono mzito. Jua likitua kila kitu kimenunuliwa kwa pesa ya soda na kimerudishiwa mwenyewe. Waliiita minada ya senti. Katika jimbo la Minnesota, bunge lilipitisha sheria mwaka huo wa 1933 ya kuwaongezea wenye madeni muda wa kukomboa mali zao, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki. Lakini tarehe 27 Aprili 1933, katika mji wa Le Mars, Iowa, kundi la wakulima lilimtoa jaji Charles Bradley mahakamani kwake, likamtia kamba shingoni, likamvua suruali. Nusura wamnyonge. Gavana akaleta wanajeshi, wakulima wakakamatwa, na magazeti yaliyokuwa yakiandika juu ya madeni yakaandika juu ya kamba. Tairi moja likiwaka Mtwapa, habari itakuwa tairi. Hakuna atakayeuliza tena notisi ya Mama Salma iko wapi.

(Na mnada wa senti msiujaribu. Kwetu dalali hubeba bei ya chini inayotokana na tathmini ya ndani ya miezi 12. Mkimtajia senti atafunga faili, arudi siku nyingine, na gharama ya safari zote mbili atabebeshwa Baba Salma.)

Kisa hicho nimekileta pia kwa ajili ya kaka yako. Wale wakulima nao walikuwa wanunuzi. Walisimama mnadani na pesa mfukoni, kila mtu akiwaona.

Kisheria kaka yako hana wasiwasi mkubwa. Anayenunua mnadani kwa nia njema hulindwa, na mwenye nyumba aliyedhulumiwa mara nyingi hubaki kudai fidia kwa benki, siyo nyumba. Kwa hiyo sitakutisha na mahakama. Nitakuuliza swali la uani. Yule mtu atakayetumwa atanunua kwa jina la nani? Siku jina la ukoo wenu litakapoingia kwenye sajili ya ardhi, na Mtwapa hakuna siri ya kiwanja, nani atakayekuwa ameketi upande wa pili wa dirisha la jikoni? Na wewe ndiye uliyewaongoza wenzako kuimba. Watakaa chini wahesabu, waseme ulikuwa ukifukuza wanunuzi wengine.

Ndiyo maana nakwambia, uongozi usiupokee kabla hujamwambia Mama Salma habari ya kaka. Itakuwa vigumu. Anaweza kukufukuza. Ukishamwambia na akakubali bado, waongoze kwa sauti yako yote.

Kisha mpigie kaka simu, mwambie pesa yake ina mlango mwingine wa kuingilia. Baba Salma anahitaji mnunuzi, siyo dalali. Kaka akiwa tayari kutoa milioni 6.5 au zaidi mbele ya wakili na benki, atapata nyumba, benki itapata deni lake, na jirani yako ataondoka na kitu mkononi. Wanaweza hata kuandikiana kwamba familia ikae humo kama wapangaji mwaka mmoja, au kwamba Baba Salma akipata pesa ndani ya muda fulani apewe nafasi ya kwanza kuinunua tena. Huko Boston lilikuwepo shirika la mikopo, Boston Community Capital, ambalo kuanzia 2009 lilikuwa likizinunua nyumba kutoka kwa benki na kuwauzia tena wenyewe walewale, wakiwa bado wanaishi ndani. Kaka akisema 6.5 ni nyingi, alichotaka ni ile milioni moja na nusu ya msiba wa mwenzake, basi umemjua, na umweleze kwamba hutamfungulia geti wakili wake wala fundi wake. Mume wako naye amwambie hivyo hivyo. Nimeona ulivyomwachia sentensi moja tu kwenye barua, lakini naye ana neno la kurudisha.

Wakili anapatikana. Kama pesa hakuna, Baba Salma na mkewe waulizie huduma ya msaada wa kisheria ya bure hapo Mombasa, na waende wiki hii. Mahakama haimpendi anayekuja na ombi la dharura jioni ya kuamkia mnada, hasa akija mikono mitupu. Chama chenu kikichanga hata elfu hamsini zikalipwa kwenye mkopo sasa, risiti ile itawasaidia mbele ya jaji kuliko mikeka yote.

Na bakuli. Leo baada ya magharibi, watoto wakiwa chuoni, lioshe, tia mahamri yaliyobaki, uingie kwa mlango wa jikoni kama ulivyozoea. Sema ya kaka kwanza. Mkishalia au kugombana, mwombe akuletee kila karatasi iliyo ndani ya nyumba hiyo, zile za chini ya godoro pia, mzipange kwa tarehe mezani.

Shangazi